Swali Tulilolipeleka Kajiado

Koloni,
S.L.P. 214,
Kitengela.
Jumapili, 9 Novemba 2025

Mpendwa ndugu yangu Kaloki,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Mama, zikufikie wewe, wifi yangu Evalyne na watoto hapo Adelaide. Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema umeacha kuwainua wale wazee peke yako kazini, nami nikakuambia sikuamini, na bado siamini. Maundu amezoea shule mpya au bado analia akifika getini? Nijibu haya kwanza kabla hujanijibu mengine.

Sisi tu wazima wa mwili. Magoti ya Mama yanamsumbua mvua ikikaribia, lakini bado anatwanga mahindi ya muthokoi mwenyewe na hataki kusaidiwa. Dawa ninazomletea anazipokea kwa heshima zote, na juzi nimezikuta chini ya godoro, zimepangwa vizuri. Nilipomuuliza alisema alilea wagonjwa kabla mimi sijazaliwa.

Mvua imeanza. Udongo wetu mweusi unaujua. Ukitoka mlangoni na viatu vyepesi, unafika barabarani umebeba nusu ya ploti. Bauza la maji haliwezi kuingia, kwa hivyo tunakinga maji ya mvua kwenye kila kitu, hata lile beseni la arusi ya Evalyne. Mwambie asikasirike, nitamnunulia lingine.

Najua umeshangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwa dada yako ambaye hata kadi za Krismasi alishaacha kutuma. Inaletwa na Isaac, mpwa wa Mwalimu Mumbi, anayekuja huko kusoma. Mpokee vizuri na umlishe, ni mwembamba. Sikutaka kukuandikia kwa simu kwa sababu siku hizi hapa unachoandika asubuhi unakisoma jioni kwenye simu ya mtu usiyemjua. Na nikikupigia, Mama husimama nyuma ya mlango. Kuna mambo sitaki ayasikie kutoka kwangu kabla sijajua mwisho wake.

Sasa nije kwa swali lako. Uliniuliza jambo moja tu: ploti yetu tuiuze, au ile nyumba kubwa iliyoishia kwenye kuta tuiezeke, tutoke kwenye kijumba cha nyuma. Dennis, yule broka wa Kitengela, amekuambia ana mnunuzi, na kwamba kinachosubiriwa ni sahihi yangu kando ya yako. Ni kweli anayo hiyo habari, maana ananipigia kila siku kuniuliza kama nimeamka salama, kwa sauti ya mtu anayetaka kusikia kwamba sikuamka salama. Nitakujibu, lakini usiruke ukasome mwisho. Mimi nimefika kwenye jibu langu kwa miguu, na wewe nataka ufike hivyo hivyo.

Unakumbuka tulivyoanza. Sisi wauguzi na walimu na watu wa mifugo tulijiunga chama, tukanunua kwa ukoo wa ole Sampei baada ya ranchi yao ya kikundi kugawanywa, na kila mmoja akapata hati yake. Tukajenga kwa mistari, madirisha ya rangi moja, kila mtu na kalamu mfukoni. Ndio vijana wa boda boda wakatuita Koloni. Tulicheka sana. Mwalimu Mumbi akaliandika lile jina kwenye kibao pale tunapochepuka kutoka barabara ya Namanga, kwa maandishi ya kuvutia, na sote tukapiga picha chini yake.

Sasa hicho kibao kimepigwa msalaba wa rangi nyekundu, na hakuna anayecheka.

Mambo yalianza kugeuka baada ya yale maandamano. Wewe uliyaona kwenye simu. Sisi tuliyasikia na tukayanusa, moshi wa matairi ulitufikia mpaka sebuleni. Yalipopoa mjini, siasa ikaja vijijini. Wakubwa wamegawanyika makundi mawili, na kila wiki tunaambiwa fulani ametolewa, fulani amerudishwa. Katikati ya hayo mheshimiwa mmoja akasimama kwenye mkutano wa hadhara akasema ardhi zote zilizouzwa kwa wageni na zile ranchi za zamani zitaangaliwa upya. Alipigiwa makofi. Kesho yake mpinzani wake, ili asipitwe, akasema hayo hayo kwa sauti kubwa zaidi.

Mimi si mtoto, najua mwanasiasa husema. Lakini wiki hiyo mgonjwa mmoja, kijana niliyemfunga kidonda mguuni, aliniuliza nikiwa bado nimeshika bandeji, "Sista, wewe ni wa Koloni, ama unakaa tu huko?" Nilimwambia nakaa huko. Alitikisa kichwa kana kwamba nimejibu mtihani, na mimi sikujua kama nimepita.

Basi Mwalimu Mumbi akaitisha mkutano. Unamjua mwenyekiti wetu. Alikuwa naibu mwalimu mkuu miaka mingi mpaka hata nyumbani kwake watoto huinua mkono. Tukakubaliana kwamba sisi si watu wa kurusha mawe wala wa kujificha, sisi ni watumishi wa umma, na tuna haki ya kuiuliza serikali swali moja kwa adabu. Tuliliandaa swali lenyewe sebuleni kwake mpaka likawa fupi: hati zetu zitaheshimiwa na sisi tutalindwa hapa tulipo, ndiyo au hapana? Yeye ndiye angeliuliza.

Tukapata nafasi ya kuonana na mkubwa mmoja wa serikali Kajiado mjini. Cheo chake nakiacha. Wewe jua tu kwamba ni mtu ambaye akisema neno, machifu hulirudia. Tulivaa kama tunaenda arusini. Njogu, yule daktari wa mifugo wa nyumba ya mbele yetu, alivaa tai ambayo nadhani alizikia nayo babake.

Kaloki, mimi hukasirika nikikumbuka, halafu nacheka, halafu nakasirika tena. Tulianza na maombi. Kimani, yule mwalimu wa Kiswahili aliyestaafu, aliomba. Aliombea nchi, akaombea kaunti, akaombea mvua, akaombea watahiniwa. Kisha tukajitambulisha. Unatujua sisi watu wa shule, hakuna anayeweza kusema jina akaketi. Kila mmoja alisimama na vyeti vyake mdomoni, amesomea wapi, amehudumu wapi, alihamishwa na nani. Njogu alieleza chanjo ya ng'ombe tangu mwanzo wa mradi. Mimi pia, nisijitoe, nilitaja semina ya Naivasha. Halafu Mumbi akasimama akasema protokali zote zimezingatiwa, na baada ya kusema hivyo akazitaja zote moja moja.

Kisha tukatoa zawadi. Tulikuwa tumenunua shuka nyekundu dukani, na rungu la shanga kwa wale mama wanaouzia watalii kando ya barabara. Mumbi na Kimani wakamvisha mkubwa shuka begani na kumshikisha rungu mkononi, sisi tukapiga makofi, na mpiga picha wake akapiga picha. Mkubwa akatazama simu yake, akasimama, akatushukuru kwa uzalendo wetu, akasema mlango wake uko wazi, na akatoka kwa mlango huo huo.

Tukapelekwa kunywa chai. Tulikuwa tumeanza mandazi ndipo Njogu akauliza polepole, "Sasa jameni, lile swali liliulizwa saa ngapi?"

Mumbi aliendelea kukoroga chai yake ambayo hata hakuwa ametia sukari. Nilimhurumia na nikatamani kumrushia andazi, yote kwa wakati mmoja.

Hilo lingekuwa jambo la kuchekea Krismasi, lau si ile picha. Kabla hatujafika Isinya ilikuwa imeshaenea. Maneno yaliyoandikwa chini yake yalisema wasomi wa Koloni wamemwidhinisha mkubwa. Yule bwana, kumbe, alikuwa wa upande mmoja wa ule ugomvi. Tungeweza kujua kama tungemuuliza mtu yeyote wa hapa, lakini sisi tulikuwa tunaandaa swali.

Na lile la shuka lilikuwa baya zaidi. Unajua kwamba hapa kumvisha mtu shuka na kumkabidhi rungu ni kazi ya wazee, tena wakishakaa na kukubaliana. Miongoni mwetu siku ile hapakuwa na Mmaasai hata mmoja. Tulinunua heshima ya watu dukani tukaigawa kama biskuti, na vyeti vyetu vyote vile havikutusaidia kuliona. Niliisikia sauti ya mzee mmoja kwenye simu ya mhudumu wangu wa kliniki, hakuwa anapiga kelele, alikuwa anauliza tu: "Koloni sasa ndio wanatuwekea viongozi?" Niliona aibu, ndugu yangu. Bado naiona.

Tangu hapo maziwa yalikoma. Wale mama waliokuwa wakituletea kila asubuhi na mitungi yao mgongoni wakawa wanapita kwenye kona yetu bila kugeuka. Hakuna aliyetutukana. Lakini asubuhi ile niliposimama getini na sufuria yangu, na Mama Tipape akanipita akitazama mbele, nilielewa kuliko nilivyoelewa msalaba wowote mwekundu.

Vijana wakaanza kuja na pikipiki mchana, saa ya watoto kutoka shule. Wanazunguka ile mistari yetu taratibu, wanapiga injini resi, wanaondoka. Anayewaongoza ni Parsaloi, mjukuu wa yule mzee aliyetuuzia. Siku moja jiwe likapita kwenye dirisha la Mumbi. Halikumpata mtu, lakini alikuwa ameketi hapo karibu akisahihisha, maana hata baada ya kustaafu bado anasahihisha vitabu vya watoto wa jirani. Magurudumu ya gari la Kimani yalitobolewa yote. Polisi walikuja, wakaandika, wakatushauri tuwe makini.

Naogopa, Kaloki. Nakuambia wewe kwa sababu hapa siwezi kumwambia mtu. Wakiona nesi anaogopa wanadhani kuna jambo analojua. Nikisikia pikipiki, mkono wangu unaacha chochote unachofanya.

Halafu yule mkubwa wetu wa shuka akahamishwa. Tulisikia redioni kama watu wengine wote. Picha ilibaki, mtu mwenyewe akaenda.

Siku iliyofuata Njogu alianza kutoa mabati. Hakuaga mtu. Alileta lori na mafundi wawili, wakapanda juu, wakaanza kung'oa misumari. Ile sauti ya msumari ukitoka kwenye mbao wewe unaijua tangu utotoni, tangu tulipofurushwa kule Molo na mabati yetu juu ya lori la mtu. Mama alikuwa nje anachambua maharagwe. Aliinuka, akaingia ndani na kufungulia redio kwa sauti ya juu kabisa. Ilikuwa ibada ya Kikamba, na ilipokwisha akaacha tu matangazo yaendelee.

Nilimfuata Njogu. Nilikuwa na hasira, nikamwambia akiondoa paa anawaondoa wengine wote, kwamba watu wanatazama paa lake. Hakugombana nami. Alisema, "Syokau, mimi niko na watoto wadogo. Nyinyi mkipewa hakikisho, mniite. Mabati yatarudi." Kisha akawaambia mafundi wasiharibu misumari, ataitumia tena. Nikaishia kumshikia ngazi.

Hapo nikamwambia Mumbi tunarudi Kajiado, mimi na yeye tu, na safari hii nitauliza mimi. Alikubali bila kubishana, na hilo lilinitia hofu kuliko jiwe. Tulikwenda bila zawadi. Mlangoni nilimwona anafungua mdomo, nadhani kwa maombi, nikamgusa mkono, akaufunga.

Mkubwa mpya ni kijana kuliko mimi. Ofisini mwake masanduku yalikuwa yamepangwa ukutani na kamba zake hazijafunguliwa, na simu tatu zilikuwa mezani zikitetemeka kwa zamu. Nilisimama tu nikamuuliza kabla hata hajatuketisha: hati zetu zitaheshimiwa na sisi tutalindwa, ndiyo au hapana?

Nilidhani atatufukuza.

"Madam," akasema, "nikuandikie barua? Naweza kuandika saa hii, na muhuri nipige. Lakini mimi mwenyewe sijui kama Jumatatu nitakuwa kwa hii ofisi. Nikienda, hiyo barua itakuwa karatasi. Si unaona hata hizo vitu sijafungua?"

Mumbi akamuuliza, kwa ile sauti yake ya darasani, basi sisi tumuulize nani.

"Hata mimi niko na shamba kwa watu, si kwetu, mwalimu," akajibu. "Hata mimi nauliza."

Akatuaga kwa heshima, akatusindikiza mpaka ngazini. Nilitaka kumchukia nikashindwa. Njia nzima ya kurudi Mumbi alitazama nje. Tulipopita kile kibao chake chenye msalaba alisema tu kwamba maandishi yale yalichorwa na mwanafunzi wake mmoja, na kwamba alikuwa na mkono mzuri sana.

Jioni hiyo tulikaa wote, wale tuliobaki, na Mumbi akawaeleza yaliyosemwa bila kuongeza wala kupunguza. Hakukuwa na ajenda. Kimani alisema mnunuzi wa Dennis amemfikia na yeye. Wawili wengine wakasema hivyo hivyo. Kila mtu akaambiwa aamue na nyumba yake. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeamua, na nakuambia wazi nilichoamua: nitatia sahihi. Ningempeleka Mama kwa Shangazi Kaveke kule Makueni, ningeomba uhamisho, na yale mabati yetu mapya yaliyolala chini ya kitanda cha Mama tangu Aprili ningemuuzia Dennis pamoja na kuta. Ningekupigia Jumamosi kukuambia.

Ijumaa nilikuwa na kliniki ya akina mama. Walikuja wachache. Karibu na mwisho akaingia Nasieku. Humjui, ameolewa kwa ole Sampei, na yule Parsaloi wa pikipiki ni shemeji yake. Uzazi wake wa kwanza uliniacha na mvi. Alimwaga damu mpaka nikafikiri ameshakwenda, gari halikuja, na nilimshika tumbo kwa mikono hii miwili mpaka likakaza. Sikutarajia kumwona, baada ya ile picha.

"Takwenya," nikamwamkia kwa Kimaasai.

"Iko," akajibu, lakini hakunitazama. Nilimpima, nikamsikiliza mtoto, moyo unapiga vizuri. Alipokuwa bado amelala pale kitandani akaniuliza.

"Sista, wanasema nyinyi mnaenda. Hata yule wa ng'ombe ametoa mabati."

"Nani anasema?"

"Watu wote. Huyo shemeji yangu anasema. Sasa mimi niko na Januari. Utakuwa hapa ama hautakuwa? Niambie ukweli, kama hautakuwa niende kwa yeyo kule Ewuaso Kedong, nizalie huko."

Kwa mamake hakuna nesi karibu. Naijua ile sehemu. Kule, damu ikianza kama ilivyoanza mara ya kwanza, hakuna mikono.

Nilihisi jibu likija mdomoni, lile lile la yule kijana wa masanduku: kwamba hata mimi sijui, kwamba itategemea, kwamba Jumatatu huenda nisiwepo. Lilikuwa la kweli kabisa. Yeye alikuwa amegeuza kichwa sasa, ananitazama, na nikaona kwamba lile swali tulilolibeba mpaka Kajiado kwa tai na shuka lilikuwa limerudi na linaniuliza mimi, nikiwa na glavu mkononi.

Nikamwambia, "Nitakuwa."

"Januari?"

"Januari. Usiende kwa yeyo. Ukianza kuumwa, unaniita."

"Haya," akasema. Akashuka kitandani, akafunga shuka yake, akasema ashe, asante ya kwao, akaenda. Nilikaa kwenye kiti cha wagonjwa nikavua glavu. Sikuwa nimewaza juu yako, wala Mama, wala Dennis. Lilitoka tu. Lakini limetoka, na nimeligeuza usiku na mchana tangu hiyo Ijumaa na siwezi kulirudisha.

Jana nimemwita fundi Muteti. Anaanza Jumanne. Mbao zimeletwa, ziko hapo nje chini ya turubai, kila mtu anaziona. Nilipomwambia Mama aondoke kwenye kitanda chake tutoe mabati, aliuliza yanakwenda wapi. Nikamwambia yanakwenda juu. Akauliza kama Muteti ni yule anayevuta sigara, maana hataki majivu kwenye muthokoi wake. Mumbi naye amekuja kutazama mbao, akasema ameagiza kioo kipya. Kimani sijui. Sitamlaumu.

Leo, tumetoka kanisani, nilikuwa nimevua viatu pale mlangoni nakwangua udongo, pikipiki ikasimama getini. Ilikuwa moja tu. Parsaloi hakushuka wala hakuzima injini. Mama alikuwa ndani, na mimi nilikuwa peke yangu na kisu cha udongo mkononi, miguu mitupu.

"Ni wewe ulimwambia Nasieku utakuwa hapa Januari?"

Nikamwambia, "Ni mimi."

Akatazama mbao chini ya turubai, kisha akanitazama mimi. Sijui alikuwa amekuja kufanya nini. Hata sasa ninapoandika sijui.

"Basi usimdanganye," akasema, akageuza pikipiki, akaenda.

Kwa hivyo, mwana wa mwaitu, mtoto wa mama yangu, uliniomba nikuhakikishie kwamba mahali hapa ni salama, ndio ujue la kufanya na sehemu yako. Siwezi. Nimetafuta hakikisho hilo kwa wenye mihuri na hawana. Huenda Jumanne Muteti akapanda juu na Jumatano tukashuka sote. Ukitaka kuuza sehemu yako ni haki yako, na nitakuelewa, ingawa nitakusema kwa Evalyne. Lakini sahihi yangu hutaipata. Hata wakati ule nilipotaka kwenda, nilikuwa naenda nikiwa mtu asiyetarajiwa na yeyote. Sasa kuna mtu amefuta safari yake kwa sababu yangu.

Mama anakusalimu sana. Anasema umwambie binti yako Munyiva aache kukata nywele kama mvulana, kaiona ile picha mliyotuma. Msalimie wifi yangu Evalyne, umwambie lile beseni liko salama, na Maundu mwambie shangazi yake anamwombea asilie tena getini. Ukizungumza na Shangazi Kaveke usimtajie haya, nitamwambia mwenyewe. Mwalimu Mumbi anakusalimu pia. Alitaka kuongeza maneno yake hapa nikamwambia karatasi imejaa.

Mungu awafunike huko ugenini, na sisi atushikilie hapa ambapo tumeitwa wageni. Tuombeeni, hasa Januari.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata ukiuza,

Syokau